Mpimaji Asiwe Mnunuzi

Imekuwa kauli ya watu wengi katika ukanda wa dhahabu, tangu Mwakitolyo na Kahama hata Geita, kwamba mashine haidanganyi, na kwamba mchimbaji ambaye dhahabu yake imekwisha kuwekwa chini ya mashine ya eksirei, ile iitwayo XRF, na asilimia yake ikasomwa mbele ya macho yake, hana tena la kulalamikia isipokuwa mwamba wenyewe uliompa dhahabu hafifu. Kauli hii husemwa na wanunuzi, husemwa na baadhi ya maafisa, na, jambo linalonisikitisha kupita yote, husemwa na wachimbaji wenyewe, ambao kwa kuwa walipunjwa miaka mingi kwa kukisiwa kwa macho na kwa tone la asidi, waliipokea mashine kwa shukrani isiyouliza maswali. Na kutokana na kauli hiyo imezaliwa nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo ni kwamba tukitaka kulinganisha wapimaji, nani aaminiwe na nani aachwe, tuangalie tu ni nani mwenye mashine mpya na ya thamani kubwa. Kauli zote mbili ni batili, na nia yangu ni kuubainisha ubatilifu wao.

Sikatai kwamba masoko ya madini yaliondoa maovu mengi. Kabla ya Machi 2019, lilipofunguliwa soko la Geita, na kabla ya Bunge kuwaondolea wachimbaji wadogo mwaka ule ule kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, sehemu kubwa ya dhahabu ya huku iliuzwa mafichoni, muuzaji na mnunuzi wakikutana penye mizani ambayo hapana aliyeikagua. Leo muuzaji hupewa risiti, bei ya siku hutangazwa, na afisa wa Tume ya Madini huwapo. Hayo ni maendeleo, na mwenye insafu atayakiri. Walakini kukiri kwamba mtu ametolewa kwenye kisima si kukiri kwamba amekwisha kufika nyumbani.

Natuanze na mashine yenyewe, maana wanaoisifu aghalabu hawasemi inafanyaje kazi. Mashine hii haiyeyushi wala haikati wala haitoboi. Hurusha miale juu ya uso wa kipande, kila metali iliyomo hurudisha mng'ao wake inaojulikana nao, nayo mashine huhesabu ni mng'ao upi uliozidi na kwa kiasi gani. Lakini dhahabu ni metali nzito, na mng'ao unaotoka humo hautoki mbali: hutoka katika mikroni kumi hivi za juu, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, na yote yaliyo chini ya hapo, iwe ni dhahabu safi, iwe ni shaba, iwe ni utupu, mashine haiyaoni kabisa. Kwa pete iliyofuliwa na sonara kwa mchanganyiko ulio sawa ndani na nje, hilo si neno, kwa kuwa ngozi yake ni shahidi mwaminifu wa moyo wake. Bali dhahabu inayotoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, la Mwakitolyo, iliyokamatwa kwa zebaki na kuchomwa juu ya moto wa mkaa, si kitu cha namna hiyo. Hiyo ina vishimo ndani, ina zebaki iliyosalia ambayo moto haukuimaliza, ina fedha ya asili iliyozaliwa nayo mwambani, na juu yake mara nyingi imeganda chuma na masizi. Mwenye kipande hicho akikigeuza upande wa pili chini ya mashine ile ile, saa ile ile, si ajabu akasomewa namba nyingine. Na kila mtu aliyekaa sokoni nusu siku anajua kwamba ni hivyo, isipokuwa tumezoea kuichukua namba ya kwanza na kuondoka nayo.

Tena ngozi hudanganywa kwa kusudi. Kipande cha dhahabu kilichochanganywa na shaba na fedha, kikichovywa katika asidi kali, hupoteza shaba na fedha za juu na kubakiza dhahabu, hata uso wake ukawa bora kuliko tumbo lake. Hila hii ilijulikana na mafundi wa dhahabu karne nyingi kabla ya eksirei kugunduliwa. Kwa hiyo mashine humdhulumu mchimbaji mwenye kipande kichafu, nayo humdhulumu mnunuzi mwadilifu anayeletewa kipande kilichosafishwa ngozi kwa hila, na katika hali zote mbili hutoa namba yenye desimali mbili, kwa utulivu ule ule, na kwa sauti ya uhakika ule ule.

Wako wanaopima kwa maji, kwa kulinganisha uzito wa kipande hewani na uzito wake majini, wakijua kwamba dhahabu safi ni nzito mara 19.3 kuliko maji. Njia hii hupenya ngozi, kwa maana huupima mwili wote; lakini kipande chenye vishimo vya hewa huonekana chepesi kuliko kilivyo, na wepesi huo huandikwa kuwa ni uhafifu, na hasara ni ya muuzaji. Jiwe jeusi la sonara, linalosuguliwa dhahabu kisha likatiwa asidi, hutegemea jicho la anayetazama, na jicho la mtu anayenunua lina maslahi yake.

Inayobaki ni njia ya moto. Kwanza dhahabu yote ya muuzaji huyeyushwa pamoja mpaka iwe kitu kimoja, juu na chini sawasawa. Kisha hutolewa sampuli ndogo, nusu gramu au pungufu, hupimwa uzito kwa mizani sahihi mno, hufungwa katika bamba la risasi pamoja na fedha ya kiasi kinachojulikana, na huwekwa katika kikombe cha majivu ya mifupa ndani ya tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 900. Risasi huyeyuka, huichukua shaba na takataka zote, hunywewa na kikombe, na juu yake ikabaki shanga ya dhahabu na fedha. Shanga hiyo hufuliwa iwe bapa, huchemshwa katika asidi ya nitriki mpaka fedha yote iondoke, na kilichobaki, ambacho ni dhahabu na si kitu kingine, hurudishwa mizanini. Fundi hodari kwa njia hii hakosei kwa zaidi ya sehemu moja katika elfu. Si elimu ya jana: al-Hamdani, mwanachuoni wa Yemen wa karne ya 10, aliandika kitabu kizima juu ya dhahabu na fedha, na humo akaeleza namna zinavyosafishwa na kujaribiwa kwa moto. Na hata leo, viwanda vikubwa vya kusafisha dhahabu, ambavyo eksirei si kitu kigeni kwao, likija suala la kulipana hurejea kwenye moto.

Hapa nataka kuleta mfano kutoka mbali, kwa sababu unaonyesha kosa letu liko wapi. Nchini Marekani iko tijara kubwa ya vitabu vya zamani vya katuni, vya jinsi ile ambayo sisi tuliisoma katika jarida la Sani, isipokuwa vyao vimekuwa mali ya kuhifadhiwa. Toleo la kwanza la Action Comics, lililotoka mwaka 1938 kwa senti 10, nakala yake moja iliuzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Thamani ya namna hiyo hutegemea hali ya kitabu, kama jalada limechanika, kama karatasi imegeuka rangi. Na zamani aliyekuwa akisema hali ya kitabu ni yule yule aliyekuwa akikiuza. Mwaka 2000 ikaanzishwa huko kampuni iitwayo CGC, ambayo kazi yake ni kukikagua kitabu, kukipa daraja kati ya nusu na 10, na kukifungia katika kasha la plastiki lenye daraja hilo. Na sharti lake la msingi ni kwamba yenyewe hainunui wala haiuzi vitabu. Mwaka 2014 ikatokea mpinzani wake, CBCS, na tangu hapo wapenzi wa vitabu hivyo hushindana ni yupi mkali na yupi mpole, na hukiri wazi kwamba kitabu kimoja kikipelekwa mara mbili chaweza kurudi na madaraja mawili. Hata kasha lenyewe halikusalimika: mwishoni mwa mwaka 2023 ilidhihirika kwamba wako waliofungua makasha, wakabadilisha vitabu, na kuvirejesha vifungwe upya chini ya daraja lisilo lao.

Sasa mwenye akili na alinganishe. Daraja la kitabu ni rai ya watu. Hapana tanuri duniani litakalotoa jibu moja la mwisho kwamba jalada hili ni 8.5 na si 8. Watu wale, wakijua kwamba wanashughulika na rai tu, waliona haja ya kumtenga mpimaji na mnunuzi, na wakaacha mlango wazi wa kwenda kwa mpimaji wa pili. Sisi tunashughulika na kitu ambacho jibu lake lipo, la yakini, tena limejulikana tangu zama za al-Hamdani, nasi tumeridhika kulipokea kama rai ya chombo kimoja kilichoshikwa na mtu mmoja.

Na isidhaniwe kwamba jambo hili ni la maskini peke yao. Mwaka 2017, kuhusu madini ya mkoa wetu huu wa Shinyanga, taifa zima lilisimama juu ya swali la nani apime. Serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, yaliyotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatangaza mwezi Mei kwamba wastani wa dhahabu iliyomo ni gramu 1,400 kwa tani, ilhali nyaraka za usafirishaji zilionyesha kama gramu 200. Miezi michache baadaye almasi za mgodi wa Mwadui zilikamatwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam: nyaraka zikisema ni za dola milioni 14.7 hivi, na serikali ikisema ni milioni 29.5. Kuhusu almasi naweza kuelewa, maana rangi na usafi wa jiwe hutazamwa kwa jicho, nayo ni rai kama rai ya kitabu. Lakini katika makinikia, hitilafu ya mara saba juu ya metali inayopimika kwa moto haiwezi kuitwa tofauti ya mtazamo. Upande mmoja, au wa pili, au pande zote mbili, zilikuwa na sampuli mbovu. Jambo hili halikumalizwa na maabara ya tatu. Lilimalizwa na mazungumzo, na Oktoba 2019 yakatangazwa mapatano na wenye migodi: dola milioni 300 na hisa za asilimia 16 kwa serikali, na kampuni ya ubia iitwayo Twiga. Mapatano ni heri. Lakini mpaka leo raia wa kawaida hawezi kuambiwa kwa yakini mlikuwa na nini ndani ya makontena yale.

Wafanyabiashara wakubwa wa metali duniani walikwisha kulitatua hili zamani. Sampuli moja hugawanywa mbele ya pande zote, kila fungu likapigwa lakiri: moja la muuzaji, moja la mnunuzi, moja la akiba. Kila upande hupima lake. Majibu yakikaribiana kwa kiasi kilichoandikwa katika mkataba, hugawanywa katikati. Yakipishana zaidi, fungu la akiba hupelekwa kwa mwamuzi, maabara isiyo na hisa katika biashara ile, kama ile ya Alfred H. Knight iliyoanzishwa Liverpool mwaka 1881, na gharama humwangukia yule aliyekuwa mbali zaidi na jibu la mwamuzi. Hapana anayedai kwamba utaratibu huu ni wa watu wenye kushukiana. Ni utaratibu wa watu wanaotaka kufanya biashara tena kesho.

Wapinzani wangu watasema, nao wamekwisha kusema, kwamba mambo haya ni ya tani na makontena, na kwamba mchimbaji wa Mwakitolyo mwenye gramu chache mkononi, anayedaiwa na mfadhili aliyemlisha yeye na wenzake muda wote walipokuwa wakishuka duarani, hana subira ya kungoja tanuri. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na siipuuzi, maana njaa haingoji maabara. Lakini itazamwe kwa makini. Upimaji wa moto hauhitaji wiki. Tanuri likiwa karibu, sampuli iliyoletwa asubuhi hupata jibu siku ile ile au ya pili. Wala haihitajiki mtu kungoja malipo yote: viwanda vya kusafisha dhahabu vina desturi ya kulipa sehemu kubwa papo hapo na kumalizia baada ya jibu, na hapana sababu desturi hiyo isishuke mpaka sokoni. Na ikiwa haraka ya mchimbaji inatokana na deni kwa mtu yule yule anayenunua dhahabu yake, basi haraka hiyo si hoja ya kuunga mkono mashine. Ni dalili kwamba mdai, mnunuzi na mpimaji wamekuwa mtu mmoja, na hilo hasa ndilo ninalolipinga.

Kuhusu udogo wa mali, hesabu ni nyepesi. Gramu 50 zikisomwa asilimia 88, mtu amelipwa gramu 44; zikisomwa 92, amelipwa 46. Gramu mbili hizo hugawanywa kati ya mwenye eneo, mwenye duara, mfadhili na vijana walioshuka chini, na aliye wa mwisho katika mgao ndiye wa kwanza kuisikia tofauti. Ikiwa gramu za mtu mmoja hazitoshi kubeba gharama ya tanuri, kikundi chaweza kuyeyusha pamoja na kupimiwa mara moja, kila mmoja akiandikiwa uzito wake.

Tena wanaoisifu mashine huangalia meza ya soko tu, kana kwamba dhahabu huanzia hapo. Kabla ya kufika mezani, mawe yamesagwa kwenye karasha, yamepitishwa katika zebaki, na mchimbaji amechukua kile kilichokamatwa, ambacho aghalabu ni chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwamo. Mchanga uliobaki, marudio, katika mahali pengi huachwa kwa mwenye karasha kuwa ni desturi, naye huupeleka kwenye mitambo ya sianidi na kutoa humo dhahabu ambayo hapana aliyempimia mchimbaji. Watu hushindana juu ya asilimia nne za kipande kilichoko mezani, ilhali zaidi ya nusu ya mali imekwisha kwenda bila hata kukisiwa. Sampuli moja ya mchanga, kabla ya mchimbaji kuondoka karashani, ingemwonyesha ni nini anachokiacha. Akikiacha baada ya kujua, hiyo ni biashara, na akikiacha bila kujua, sina jina zuri la kuiita.

Nao wanaodhani kwamba watu wa Usukuma hawawezi kusimamia upimaji wao wenyewe wamesahau historia ya babu za watu hao. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakiuza kwa wanunuzi waliokuwa na mizani yao wenyewe na neno la mwisho juu ya uzito. Hawakudai mizani mpya kutoka kwa wanunuzi. Waliweka watu wao wa kupima, wasiokuwa watumishi wa mnunuzi, na kutokana na harakati hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikatokea vyama vya msingi na, mwaka 1955, muungano wao mkubwa wa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao kabla ya Uhuru ulikuwa umekwisha kuishika biashara ya pamba ya jimbo lote. Mizani ya mnunuzi haikuwa lazima mbovu. Ubaya ulikuwa ni kwamba mkulima hakuwa na pa kuipeleka pamba yake ikapimwe tena. Wajukuu wa watu hao leo wamesimama mbele ya mashine ya mtu mwingine wakiambiwa washukuru.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha wapimaji asiulize kwanza bei ya mashine. Aulize nani anayemlipa mpimaji mshahara, na kama mpimaji huyo hupata zaidi jibu likiwa dogo au likiwa kubwa. Aulize kama dhahabu huyeyushwa kwanza mbele ya mwenyewe, au hupimwa ngozi tu. Aulize kama sampuli ya akiba huhifadhiwa. Aulize akikataa jibu ataenda wapi, na atalipa nini, na ni nani atakayemlipa yeye akionekana kuwa alikuwa na haki. Mashine ya XRF ikiwa katika mikono ya mpimaji aliyejibu maswali haya vizuri ni chombo chema cha kuchujia na cha kutolea malipo ya kwanza, nami ningeipendekeza. Katika mikono ya mwingine ni mapambo ya ofisi.

Ninachotaka kifanyike si kikubwa. Tangu mwaka 2017 dhahabu imetozwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, mbali na mrabaha. Na tangu Oktoba 2024 wanaouza dhahabu nje ya nchi wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe hapa nchini na kuuzwa Benki Kuu, hata viwanda vya Mwanza na Geita vikawa na kazi ya kusafisha na kupima ambayo zamani ilifanywa ng'ambo. Fedha ipo, na elimu ipo. Lijengwe tanuri Kahama, na jingine Shinyanga, yaendeshwe na mafundi wasio waajiriwa wa mnunuzi yeyote, chini ya usimamizi wa Taasisi ya Jiolojia. Kila dhahabu inayozidi uzito watakaokubaliana wachimbaji na wanunuzi iyeyushwe mbele ya mwenyewe, itolewe mafungu matatu yenye lakiri, na la tatu liwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa chama cha wachimbaji na mmoja kwa ofisi ya madini. Mnunuzi alipe siku ile ile sehemu tisa katika kumi kwa namba ya mashine, na ya kumi ingoje moto. Na mnunuzi atakayeyakataa masharti haya aulizwe hadharani, mbele ya watu anaonunua kwao, ni lipi kati ya hayo linalomdhuru.